SOMO KWA WENYE MAGARI: KUPUNGUZA UKINZANI WA HEWA BILA KUCHEMSHA INJINI

Wenye magari na madereva wa Mtwara, hususan wanaosafiri kati ya mjini, Msimbati na Kilambo, wanaombwa kulizingatia somo hili kabla ya kumruhusu fundi kuziba, kutoboa au kuongeza kitu chochote sehemu ya mbele ya gari. Gharama ya mafuta huwashawishi wengine kuziba matundu ya mbele ili gari lipite hewani kwa wepesi. Joto la pwani nalo huwashawishi wengine kulifungua gari kila upande ili injini ipoe. Makundi yote mawili yana hoja, ila hukosea mahali pamoja: huitazama hewa inapoingia, wala hayaulizi inatokea wapi.

Inafaa ieleweke kwanza kwamba nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo. Dereva anayetoka kilomita 80 kwa saa na kufikia 100 hukabiliwa na nguvu iliyozidi kwa zaidi ya nusu, na kazi ya injini ya kuishinda hewa hiyo hukaribia maradufu. Kwa hiyo, katika barabara ya lami iendayo Lindi, keria tupu iliyosahauliwa juu ya paa hula mafuta safari nzima. Katika mchanga wa Msimbati, ambako gari hujikokota kwa kilomita 15 au 20, ukinzani wa hewa ni mdogo mno, na anayeziba matundu huko hapati faida yoyote isipokuwa kuchemsha injini.

Upepo nao una hesabu yake. Wakati wa Kusi, gari linaloelekea kaskazini polepole husukumwa na upepo kutoka nyuma. Ikiwa gari na upepo vina mwendo sawa, rejeta haipati hewa hata kidogo ila ile inayovutwa na feni. Wakati wa Kaskazi gari hilohilo hupokea upepo usoni: rejeta hushiba hewa, lakini mafuta huenda zaidi.

Katika magari mengi, hewa inayopita kwenye rejeta na kuzunguka injini huchangia takriban sehemu 5 hadi 10 kwa kila 100 za ukinzani wote. Hasara hiyo hutokana zaidi na hewa kuingia ovyo na kutoka ovyo. Hewa hufuata njia iliyo rahisi; pakiwapo mwanya kando ya rejeta, itapita mwanyani na kuuacha moto palepale. Basi kazi ya kwanza ni kuziba mianya iliyo baina ya rejeta na bodi kwa sponji ngumu au mpira, ili kila hewa iliyoingia ilazimike kupita ndani ya rejeta. Hapo tundu dogo hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na tundu kubwa. Wahandisi wa ndege waliijua kanuni hii zamani: katika miaka ya 1930 Mwingereza Meredith alionyesha kwamba hewa ikipunguzwa kasi kabla ya rejeta, kisha ikatolewa nyuma kwa mpango, hasara ya kupoza injini hupungua sana.

Kazi ya pili ni njia ya kutokea. Magari mengi hutengenezwa yakiwa na bamba la plastiki chini ya injini. Mawe na mashimo hulivunja, au fundi huliondoa ili apate kumwaga oili kwa urahisi, na halirudi tena. Wengi hudhani injini sasa itapoa zaidi. Katika magari mengi mambo huwa kinyume, kwa sababu bamba hilo, pamoja na ukingo wa chini wa bampa, hupunguza shinikizo la hewa nyuma ya rejeta na kuivuta hewa ipite. Likiondolewa, hewa ya barabarani hupanda na kuizuia ile inayotaka kutoka.

Kosa jingine ni kuinua boneti upande wa kioo kwa kuweka vipande vya chuma kwenye bawaba. Gari likiwa limesimama, joto hutoka kweli. Likiwa kasini, mbele ya kioo ndipo hewa inaposhindiliwa, hivyo huingia badala ya kutoka.

Kwenye miinuko ya kwenda Newala, gari likiwa limesheheni korosho na gia ikiwa ndogo, umbo la gari halisaidii. Hapo tegemeo ni feni, pamoja na kava lake linalolazimisha hewa yote ipite rejetani. Mbegu za majani na vumbi zilizonasa kwenye mapezi ya rejeta zioshwe kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutoka upande wa injini kuja mbele. Themostati isitolewe: bila hiyo injini huchelewa kupata moto wake na hula mafuta, na rejeta iliyoziba hubaki imeziba.

Anayefanya marekebisho afanye moja kwa wakati, kisha asafiri njia ileile, kwa mzigo uleule na saa ileile, akiandika mshale wa joto ulipofika na mafuta yaliyotumika. Mshale ukipanda kuliko kawaida, kilichozibwa kifunguliwe siku hiyohiyo, kwa kuwa gasketi ya silinda hedi ikiungua, akiba ya mafuta ya miezi mingi haitoshi kulipia matengenezo. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto. Maji yaliyofungiwa humo kwa shinikizo huweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka, na hulipuka kuwa mvuke mara kifuniko kinapolegea.