Kiu ya Sigara Hupita: Kijitabu kwa Anayeacha Kuvuta na kwa Watu wa Nyumbani Kwake

Kijitabu hiki ni cha mtu aliyekwisha kukata shauri la kuacha sigara. Hatutarudia hapa orodha ya madhara ya tumbaku, kwa kuwa umeisoma kwenye pakiti na umeisikia zahanati. Wengi wanaorudia kuvuta wanayajua madhara hayo vizuri sana. Kinachowarudisha ni ile kiu inayomkamata mtu siku ya pili, saa nne asubuhi, mkono unapapasa mfuko wa shati wenyewe na dukani hapo jirani sigara zinauzwa moja moja. Vijana huiita arosto. Tunataka ujue inatoka wapi, inakaa muda gani, na ufanye nini ikikushika.

Kiu hii inatoka wapi

Ukivuta moshi, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Kasi hiyo ndiyo inayojenga uraibu. Lakini nikotini haikai: baada ya saa mbili hivi, nusu yake imekwisha kuondoka kwenye damu, na ubongo uliozoea huanza kudai. Mvutaji huwasha nyingine, akatulia, akaamini kwamba sigara imempunguzia mawazo. Kumbe imemtuliza dhiki iliyoachwa na sigara iliyotangulia. Ukilielewa hilo, sababu kubwa ya kuipenda sigara inaanza kulegea.

Siku tatu za kwanza ndizo nzito. Utakuwa na hasira za karibu, usingizi wa vipande vipande, njaa, na utashindwa kukaa mahali pamoja au kushika jambo moja kichwani. Wengine hupata choo kigumu au vidonda mdomoni. Wapo wanaokohoa kuliko walipokuwa wakivuta, na hao huogopa bure, kwani njia za hewa zimeanza kujisafisha. Kwa walio wengi nafuu kubwa huja kati ya wiki ya 2 na ya 4. Ila huzuni nzito isiyoondoka, au mawazo ya kujidhuru, si ya kuvumilia nyumbani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Shika hili kuliko yote: kiu ikipanda hudumu dakika chache, kwa kawaida 3 hadi 5, kisha hushuka. Hushuka hata usipovuta. Wanaoshindwa huamini kwamba itazidi kupanda hadi wavute, na kwa imani hiyo husalimu amri dakika ya pili, ilhali ilibaki kidogo tu. Usijibebeshe leo mzigo wa kukaa miaka 30 bila sigara. Una dakika 5 za kuvuka, na zikija nyingine jioni utazivuka jioni.

Kiu ina mahali pake na saa zake

Mwaka 2010 watafiti wa Israeli wakiongozwa na Reuven Dar waliwachunguza wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, katika safari fupi na safari ndefu. Ilionekana kwamba kiu haikufuata tu muda uliopita tangu sigara ya mwisho. Ilipanda ndege ilipokaribia kutua, yaani pale mhudumu alipojua kwamba sasa ataweza kuvuta. Katika safari ndefu, muda ule ule ulipopita na safari bado mbichi, kiu ilikuwa chini.

Wavutaji Waislamu wanaweza kulipima jambo hili kwa mwezi wa Ramadhani. Mtu anayevuta mchana kutwa miezi mingine hufunga tangu alfajiri hadi magharibi, akafanya kazi na kuendesha gari. Mlango umefungwa na hana shauri la kukata, na wenzake kijiweni nao wamefunga. Magharibi ikikaribia ndipo sigara inapomjaa kichwani. Nasi tunasema wazi kwamba aliyeweza kukaa hivyo siku nzima ana uwezo mkubwa kuliko anavyojidhania, na Ramadhani ni wakati mzuri sana wa kuacha, mradi saa ya futari aiwekee mpango.

Kwa hiyo funga mlango kweli. Usiache sigara mbili kabatini kwa ajili ya dharura, wala usijiambie utaona itakavyokuwa jioni. Toa pakiti, kiberiti na kisahani cha majivu nyumbani na kwenye gari. Fua nguo zinazonuka moshi. Kisha kaa chini uandike sigara zako za kawaida: ya kuamka, ya baada ya chakula, ya chooni, ya kusubiri abiria, ya baada ya kugombana, ya mwisho wa mwezi mshahara ukiingia. Kila moja uipatie kitu cha kushika nafasi yake kabla siku haijafika. Anayesubiri kiu imshike ndipo afikiri, huwa amechelewa.

Tumia akili zaidi kwenye kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini liichakate kafeini haraka, na ukiacha kuvuta mwendo huo hupungua. Vikombe vile vile vya kahawa chungu ulivyokuwa ukinywa barazani sasa vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unadunda, mikono inatetemeka, usiku huna usingizi, nawe unadhani ni arosto. Punguza kahawa hadi nusu kwa wiki za mwanzo, na chai ya rangi iliyokolea nayo uipunguze. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu anayetumia dawa za magonjwa ya akili kama olanzapini au klozapini, au dawa ya pumu ya aminofilini, amwambie daktari kabla hajaacha ili kipimo cha dawa kiangaliwe. Anayetumia insulini apime sukari mara nyingi zaidi.

Pombe iache kabisa kwa mwezi wa kwanza ukiweza. Chupa ya pili hulegeza shauri lolote, na baa ni mahali ambapo sigara hutolewa bila hata kuombwa.

Dakika tano zenyewe

Ondoka pale ulipo. Hili tunalitanguliza kwa kuwa kutembea haraka, hata dakika chache, hupunguza kiu, na hapo hapo kunakutenga na mwenye pakiti. Ukiwa kijiwe cha bodaboda, zungusha pikipiki, kanunue maji, kasalimie mtu ng'ambo ya barabara. Kunywa maji baridi polepole. Kinywa kipe kazi: karanga, muwa, karoti, tangawizi, punje ya karafuu. Mikono nayo itafutiwe kitu, iwe tasbihi, rozari au kamba ya kufunga na kufungua. Vuta hewa kwa pua hadi tumbo litune, itoe polepole kwa mdomo, rudia mara kumi. Mpigie simu mtu mmoja uliyemwambia mapema kwamba utampigia, na akipokea usitafute maneno mazuri. Mwambie imekushika, mzungumze hata habari za mpira mpaka ipite.

Usijaribu kuizima kiu kwa ugoro, kuberi au tumbaku ya kutafuna, kwani humo nikotini ipo tele na uraibu unabaki pale pale. Shisha nayo ni moshi wa tumbaku, na mtu akikaa nayo saa nzima huvuta moshi mwingi kuliko wa sigara kadhaa.

Dawa za kusaidia

Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni kama 3 hadi 5 tu ambao baada ya miezi 6 hadi 12 bado hawavuti. Hatulisemi hili kukutisha. Tunalisema ili usione haya kutumia dawa, maana wapo wanaume wengi wanaoamini kwamba kutumia dawa ni udhaifu, na imani hiyo inawagharimu.

Gamu na plasta za nikotini zimo kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Mwaka 2021 ziliongezwa bupropioni na vareniklini, ambazo huandikwa na daktari. Bupropioni haifai kwa mwenye kifafa. Wengine huuliza, vipi niache nikotini kwa nikotini? Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini kinachoharibu mapafu ni lami na gesi za moshi, na gamu na plasta hazina moshi. Hukupa nikotini kidogo, polepole, kisha unapunguza.

Gamu haitafunwi kama bazoka. Itafune polepole hadi uhisi ukali, iegemeze kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha itafune tena, kwa nusu saa hivi. Usinywe kahawa, soda wala juisi robo saa kabla yake, maana nikotini haitaingia vizuri. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka kwa kawaida huanza na gamu ya miligramu 4, wengine miligramu 2. Plasta ibandikwe kwenye ngozi safi na kavu, mahali tofauti kila siku. Mjamzito aongee na mhudumu wa afya kwanza.

Ukiteleza

Umevuta moja msibani, au kwenye harusi. Itupe iliyobaki, usinunue pakiti, na siku yako iendelee kama siku ya mtu aliyeacha. Hatari iko katika lile wazo kwamba kwa kuwa umeharibu, basi umalize pakiti. Jiulize ilikuwa wapi, na nani, saa ngapi, kisha uiongeze kwenye orodha yako. Wengi walioacha moja kwa moja walijaribu zaidi ya mara moja.

Kwa mke, mume, wazazi na wenzake

Wiki mbili za kwanza atakuwa mkali. Usimsute, usimnuse nguo, usimkumbushe aliposhindwa mwaka jana. Chakula kikiisha mpe kitu cha kufanya. Mvutaji mwingine wa nyumbani avutie nje, asimpe hata pafu moja kwa huruma. Na bado tunamwomba huyo naye aache pamoja na mwenzake.

Ndugu msomaji, chagua siku ndani ya wiki mbili zijazo, iandike, mwambie mtu mmoja unayemheshimu. Kabla ya siku hiyo fika kituo cha afya kilicho karibu nawe, umweleze mhudumu mambo mawili bila kupunguza: unavuta sigara ngapi kwa siku, na ya kwanza unaiwasha dakika ngapi baada ya kuamka. Kwa majibu hayo ataweza kuanza kukupangia msaada unaokufaa.