Kinywaji cha Munkoyo

Watoto, ninyi nyote mmekwisha kunywa munkoyo. Hunywewa hapa Lubudi, hunywewa Kolwezi na Likasi, na hata ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Zambia. Huletwa shambani wakati wa kulima, na huletwa mbele ya wageni wakati wa arusi. Munkoyo hufanywa kwa vitu vitatu tu: maji, unga wa mahindi, na mizizi. Kwa desturi hautiwi sukari. Basi, utamu wake hutoka wapi? Na kwa nini uji uliokuwa mzito hugeuka ukawa mwepesi kama maji? Sikilizeni habari ya msichana mmoja, nanyi mtajua.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Jua lilikuwa kali, na mvua zilikuwa karibu kuanza. Baba wa msichana huyo aliwaomba majirani waje kumsaidia kulima. Desturi ni hii: watu wakija kukulimia, huwapi fedha, bali huwapa chakula na kinywaji. Lakini mama alikuwa na mtoto mchanga wa siku nne. Kwa hiyo kazi ya kufanya munkoyo ilikuwa juu ya msichana na nkambo wake, mama wa mama yake.

Siku moja kabla ya kulima, asubuhi, nkambo alimpa msichana mizizi waliyoinunua sokoni. Akasema: «Ioshe vizuri, uipondeponde mpaka iwe laini kama nyuzi. Mimi nakwenda kumtazama mama yako. Uji ukiiva, uuepue, kisha uningoje.»

Msichana akaosha mizizi, akaiponda, akapika uji katika chungu kikubwa. Uji ukachemka muda mrefu, ukaiva. Akamngoja nkambo kidogo, lakini alitaka kucheza na wenzake. Akasema moyoni: «Kungoja kuna faida gani? Moto ndio unaopika kila kitu.» Akachukua nusu ya mizizi, akaitia ndani ya uji uliokuwa bado unatokota motoni. Kisha akauepua, akaenda kucheza.

Aliporudi, nkambo alikuwa ameketi karibu na chungu, mwiko mkononi. Uji ulikuwa mzito vilevile, wala haukuwa na utamu wo wote.

«Mjukuu wangu, mizizi umeitia lini?»

«Nkambo, unisamehe. Niliitia uji ulipokuwa unatokota.»

Nkambo hakumpiga. Alisema tu: «Umeiua mizizi. Kesho watu watakunywa nini?»

Msichana akaanza kulia, maana unga wa nyumbani ulikuwa wote ndani ya chungu kile. Lakini nkambo akamwambia: «Nyamaza, utazame. Uji haukuharibika. Mizizi ndiyo iliyoharibika.» Akaitoa mizizi ya kwanza, akaitupa. Akaungoja uji upoe mpaka ukawa wa vuguvugu. Ndipo akatwaa nusu ya mizizi iliyobaki, akaifunga kama kitita, akaitia, akakoroga polepole. Haukupita muda mrefu, uji ukaanza kulegea. Mwiko uliokuwa ukisimama wenyewe sasa ukaanguka kando. Msichana akaonja: utamu umekuja!

Watoto, angalieni vema. Uji ulikuwa uleule, na mizizi ilitoka katika fungu lilelile. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti: moto. Sasa tuulize: kwa nini?

Ndani ya unga wa mahindi mna kitu kiitwacho wanga. Wanga ni kama shanga nyingi zilizotungwa katika uzi mrefu, na kila ushanga ni sukari. Zikiwa zimetungwa, ulimi hausikii utamu, na uji huwa mzito kwa sababu nyuzi hizo zinashikana. Ndani ya mizizi ya munkoyo mna kitu kinachokata nyuzi hizo. Zikikatwa, uji hulegea. Vipande vikiwa vidogo sana, ulimi husikia utamu. Kitu hicho chenye kukata huitwa kimeng'enya.

Kimeng'enya hupenda vuguvugu. Katika baridi hufanya kazi polepole sana. Katika maji yanayotokota huharibika, kama yai linavyogeuka katika maji ya moto: yai likiisha kuiva, huwezi kulirudisha kuwa bichi. Ndiyo sababu mizizi ya kwanza haikufanya kazi, hata uji ulipopoa.

Watu wengine pia wanajua kazi hii. Katika Tanzania watu hufanya togwa: huutia uji unga wa ulezi uliochipuka, uitwao kimea, nao uji hulegea na kuwa mtamu. Katika Ulaya watu hutumia shayiri iliyochipuka. Mwaka 1833, katika nchi ya Ufaransa, wataalamu wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitoa katika shayiri hiyo kitu chenye kugeuza wanga kuwa sukari. Walikipa jina, wakaandika habari zake. Lakini wazee wetu walikuwa wakikitumia bila kukiona, kwa kutazama tu na kukumbuka.

Turudi kwa msichana wetu. Jioni walichuja munkoyo. Msichana akatazama, akaona ni kidogo kwa watu wengi. Akashika ndoo, akasema: «Nkambo, nakwenda kijitoni. Tukiongeza maji, kitatosha.»

Nkambo akamshika mkono. «Je, unataka kuwatuliza kiu au kuwapa ugonjwa? Uji tumeuchemsha. Ukitia maji mabichi ya kijito, kazi yote ya moto umeitupa.»

Nkambo alisema kweli. Katika maji mabichi mnaweza kuwamo vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu. Huko Bukama na kando ya maziwa ya Lualaba, kipindupindu kimewarudia watu mara nyingi, nacho huweza kumwua mtu kwa siku moja. Msiseme: «Munkoyo ukichacha, uchungu wake utaua vijidudu.» Uchachu huvizuia vijidudu vingine, lakini hauyafanyi maji machafu kuwa safi.

Basi msichana akaleta maji, akayachemsha sana, akayafunika mpaka yakapoa. Akayaongeza. Usiku alichelewa kulala, lakini kesho yake watu wote walikunywa, wakalima mpaka mwisho wa shamba. Wala hakuna aliyeumwa tumbo.

Namna ya kufanya munkoyo nyumbani

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mizizi mara nyingi mpaka udongo utoke wote. Kumbuka: mizizi haichemshwi, kwa hiyo uchafu wake hauuawi na moto.

2. Ponda mizizi kwa mchi safi, uifunge kitita.

3. Pika uji: kikombe 1 cha unga wa mahindi kwa vikombe 10 vya maji. Uache uchemke saa 1 au zaidi, huku ukikoroga.

4. Epua, funika, ngoja. Uji ukiwa vuguvugu, tia mizizi, ukoroge.

5. Uji ukiisha kulegea, toa mizizi, chuja kwa kitambaa safi.

6. Weka katika kibuyu au chombo safi chenye kifuniko. Ukilala usiku mmoja, utakuwa na uchachu kidogo. Ukikaa siku nyingi, utageuka kuwa pombe, na huo si wa watoto.

Angalizo. Mtoto asichimbe mizizi peke yake porini. Jina la munkoyo hupewa mimea kadha wa kadha ya ukoo wa maharagwe, na iko mizizi mingine inayofanana nayo yenye sumu. Achimbe mtu mzima anayeijua, au inunuliwe kwa mtu anayejulikana.

Maswali

1. Kwa nini mizizi ya kwanza haikufanya kazi?

2. Nkambo alijuaje kwamba uji wenyewe haukuharibika?

3. Mizizi ya munkoyo na kimea cha ulezi vinafanana kwa kazi gani?

4. Kwa nini ni lazima kuosha mizizi vizuri kuliko kuosha unga?

5. Ukikuta munkoyo hautoshi wageni, utafanya nini?

6. Waulize wazee wa nyumbani kwenu wanavyojua kwamba uji umepoa vya kutosha. Andika majibu yao katika daftari lako.