Je, Ajali Haina Kinga? Somo juu ya Hofu ya Ndege na Safari ya Hija

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyewafungulia waja Wake njia za bara, za bahari na za anga. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Ahli zake, na Sahaba zake. Amma baad.

Katika darasa letu la Mukurweini limeletwa swali ambalo twaona halifai kujibiwa kwa maneno mawili. Muulizaji ana mali ya kumtosha, ana siha, hana deni, na bado hajahiji. Kila mwaka huazimia, na kila mwaka hurudi nyuma kwa sababu moja tu: aiogopa ndege. Auliza: hofu hii ni udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu, au si udhuru? Twaonelea kulijibu hapa kwa urefu, kwani wenye hofu hiyo ni wengi kuliko wanaoikiri.

Hofu hii haikuzuka bure

Wenyeji wa sehemu zetu hawaogopi jambo la kubuniwa. Tukisimama Mukurweini kukiwa kweupe, twauona Mlima Kenya upande mmoja na safu ya Nyandarua upande wa pili, na milima yote miwili imekwisha kupokea maiti za wasafiri wa anga. Tarehe 19 Julai 2003, ndege iliyotoka Nairobi kwenda Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, wakafa watu wote 14 waliokuwamo. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea katika mawingu ya Nyandarua. Ilitafutwa kwa siku mbili, na ilipoonekana, watu wote 10 walikuwa wamekufa.

Basi asidhihakiwe mwenye kuogopa. Nabii Musa (a.s.) aliingiwa na hofu alipoona kamba za wachawi, naye ni katika Mitume wakubwa. Hofu ni tabia ya mwanadamu. Linaloulizwa ni hili: mtu aiongoze hofu yake, au hofu imwongoze yeye?

Kadari si pazia la uzembe

Habari za ajali zikifika, hukosi kumsikia mtu akisema, "Ajali haina kinga." Neno hili lina haki ndani yake, kwani hapana mtu awezaye kuurudisha muda wake ukifika. Lakini limegeuzwa kuwa pazia. Dereva mlevi hujifunika kwalo, na fundi asiyekaza parafujo hujifunika kwalo, na kila mtu aliyekosea humtupia Mola wake makosa ya mkono wake mwenyewe.

Dini yetu haikufundisha hivyo. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga huku akimtegemea Mungu. Akamwamuru amfunge kwanza, kisha ategemee. Na Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata habari ya tauni, aliwarudisha watu. Abu Ubaida (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Maana yake ni kuwa kinga nayo ni kadari. Aliyeumba ugonjwa ndiye aliyeumba dawa, na aliyeumba uzito wa ndege ndiye aliyeumba upepo unaoichukua.

Sababu ikijulikana, mlango hufungwa

Tuzitazame ajali kwa jicho la mwenye kujifunza. Tarehe 20 Novemba 1974, ndege kubwa ya Kijerumani aina ya Boeing 747 ilianguka ilipokuwa ikiondoka Nairobi kwenda Johannesburg. Walikuwamo watu 157, wakafa 59. Ilikuwa ajali ya kwanza ya mauti kwa ndege za aina hiyo duniani. Wachunguzi waligundua kuwa vipande vya mbele ya mbawa, ambavyo hufunguliwa ili kuisaidia ndege kupaa ikiwa bado haijawa na mwendo mkubwa, havikuwa vimefunguka, na marubani hawakupata onyo la kutosha. Baada ya hapo ndege za aina ile zikatiwa onyo bora. Walionusurika kwa onyo hilo miaka iliyofuata hawajijui, wala hawawezi kuhesabika.

Kadhalika ajali za kugonga milima. Wataalamu waliona kuwa ndege nyingi zilikuwa zikianguka zikiwa nzima, injini zikinguruma vizuri, rubani akiwa na siha, ila asiione ardhi iliyo mbele yake. Mhandisi mmoja, Don Bateman, mzaliwa wa Kanada, aliutumia umri wake katika kutengeneza chombo cha kumwonya rubani kwa sauti kwamba ardhi i karibu. Katika miaka ya 1990 chombo hicho kiliongezewa ramani ya milima ya dunia, kikaweza kuonya mapema zaidi. Leo ndege kubwa za abiria huwa nacho, na ajali za namna hiyo zimepungua sana kwa ndege hizo.

Mataifa yamepatana pia juu ya namna ya kuchunguza. Chini ya mapatano yaliyofanywa Chicago mwaka 1944, ilitolewa mwaka 1951 kanuni iitwayo Kiambatisho cha 13, isemayo kuwa shabaha ya kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama. Twaona katika jambo hili sura ya ile muhasaba ambayo wanavyuoni wetu wameihimiza tangu kale: mtu aihesabu nafsi yake kwa ukweli ili asirudie kosa.

Na matunda yake yaonekana. Katika mwaka wa 2017 hapakufa abiria hata mmoja kwa kuanguka kwa ndege kubwa ya jeti ya abiria katika dunia nzima. Nchini mwetu Kenya, barabara peke yake ziliua watu zaidi ya 4,000 katika mwaka wa 2022, na zaidi ya 4,000 tena katika mwaka wa 2023. Nasi twapanda matatu kwenda Nairobi, dereva akaipita lori penye kona, na hatumwambii neno. Basi hofu yetu imekosa mizani: yaogopa kile kilicholindwa sana, na imelizoea lile linalotuua kila siku.

Amana ya fundi

Lakini hatutaki msomaji adhani kuwa chuma na elimu vyatosha pasipo dini. Tarehe 11 Julai 1991, ndege aina ya DC-8 iliondoka Jeddah ikiwarudisha kwao mahujaji wa Naijeria. Ilishika moto, ikaanguka, wakafa watu wote 261. Uchunguzi ulionyesha kuwa tairi mbili zilikuwa zimepungua upepo tangu kabla ya safari, na kuwa jambo hilo lilikuwa limejulikana. Kulitengeneza kungeichelewesha ndege, basi ikaachwa iende. Tairi zikapata moto katika mbio za kuruka, magurudumu yakakunjwa ndani yakiwa yanawaka, na moto ukaila ndege.

Ni nani atakayesimama mbele ya mahujaji hao aseme kuwa ajali haina kinga? Kinga ilikuwapo, nayo ni upepo wa tairi na saa chache za kungoja. Kilichokosekana ni amana. Kila kijana wetu anayejifunza ufundi, iwe wa ndege au wa baiskeli, na ajue kuwa kukaza parafujo kwa ikhlasi ni ibada, na kuificha kasoro ni khiyana juu ya roho za watu.

Ndege na ndege mbaya

Lugha yetu ya Kiswahili yatukumbusha jambo la ajabu. Neno "ndege" ni jina la kiumbe arukaye, na ni jina la chombo hiki, na pia tangu zamani ni jina la ishara ya bahati, kwani wazee husema "ndege njema" na "ndege mbaya". Waarabu wa Jahilia nao walikuwa na tiyara: mmoja wao akitaka safari humshtua ndege. Akiruka kuumeni huenda, akiruka kushotoni hurudi. Mtume (s.a.w.) aliyabatilisha hayo yote.

Hata hivyo wapo miongoni mwetu, katika zama za satelaiti, wanaoahirisha safari kwa sababu ya mlio wa bundi, au kwa ndoto, au kwa kuwa mpiga ramli amesema siku si njema. Wapo wengine wanaonunua hirizi ya kufunga mkononi ili ndege isianguke. Twawauliza: ikiwa abiria mia mbili wamo ndani, na mmoja tu ana hirizi, chombo kitaanguka kwa wale na kubaki juu kwa huyu? Kinga ya Muislamu ni dua ya safari aliyoifundisha Mtume (s.a.w.), nayo haiuzwi.

Jawabu la swali

Wanavyuoni wametaja usalama wa njia kuwa ni katika masharti ya uwezo wa kuhiji. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu Afrika ya Mashariki twayafuata, waliijadili safari ya bahari wakati ambapo majahazi yalikuwa yakizama mara kwa mara. Wakasema: ikiwa kusalimika ndiko kuliko kwingi, Hija ni wajibu. Ikiwa kuangamia ndiko kuliko kwingi, si wajibu. Hawakuifanya hofu ya moyo kuwa kipimo. Kipimo ni hali ya njia yenyewe.

Ukiipima njia ya anga kwa kipimo hicho, kusalimika ndiko kuliko kwingi, tena kwa mbali sana. Kwa hiyo twasema: hofu ya kawaida si udhuru, na mwenye uwezo asiicheleweshe faradhi yake mpaka uzee umnyang'anye siha. Lakini yuko ambaye hofu yake imekuwa maradhi: hupumua kwa shida, hutetemeka, hupoteza akili. Huyo asilaumiwe. Aende kwa tabibu, kwani hofu ya namna hiyo ina matibabu, na ajizoeze kwa safari fupi. Akishindwa kabisa, amweleze mwanachuoni hali yake yote kabla ya kufikiri juu ya kumweka naibu.

Msafiri amfunge ngamia wake

Kwanza, asishtuke ndege ikitikisika. Hewa huwa na mabonde na matuta kama barabara zetu za murramu wakati wa mvua, hasa penye milima. Mbawa hupimwa kwa mzigo unaozidi kwa nusu ule mkubwa kabisa unaotazamiwa safarini. Linaloumiza watu katika mtikisiko ni kukaa bila ya mkanda, basi aufunge muda wote akiwa amekaa.

Pili, asikilize maelezo ya wahudumu. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa na mafuta, ikatua baharini karibu na Ngazija, wakafa watu 125 kati ya 175. Wengi walikuwa wamezijaza upepo jaketi zao za kujiokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi zikawanyanyua mpaka darini, wasiweze kutoka. Jaketi hujazwa baada ya kutoka mlangoni.

Tatu, ahesabu safu za viti mpaka mlango ulio karibu naye, na ukitokea msiba aache mizigo yake.

Nne, alipe madeni, aandike wasia, aombe radhi, asome dua ya safari, kisha atulie. Mambo haya yampasa hata anayekwenda Karatina sokoni.

Maswali ya darasa

1. Ni ipi tofauti baina ya tawakuli na uzembe? Toa mfano katika kazi yako mwenyewe.
2. Kwa nini wanavyuoni walipima usalama wa njia, wasipime hofu ya msafiri?
3. Ukiwa abiria ukaona kasoro ya gari kabla halijaondoka, dini yakuamrisha nini?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki katika safari, awasalimishe wanaosafiri, na awape mahujaji wetu utulivu wa nyoyo. Wallahu aalam.