Kujitawala: Somo Kutoka Mifereji ya Oman

Popote watu wanapoishi pamoja pana kanuni. Swali la kwanza ni hili: nani amezitunga? Zikitungwa na wale wale wanaozifuata, watu hao wanajitawala. Zikitungwa na mwingine, wanatawaliwa. Asiye na kanuni yoyote hayumo katika kundi lolote kati ya haya mawili. Huyo huburutwa na tamaa ya saa ile.

Wazo hili la kujitawala lilikua katika miji ya Wagiriki wa kale, karne ya 5 kabla ya Kristo. Mkataba wa mwaka 421 kati ya Athens na Sparta ulitaja miji iliyopaswa kuendelea kulipa kodi kwa Athens, na bado ikahesabiwa kuwa inajitawala. Jambo hili lifikiriwe kwa utulivu. Kumtegemea au kumlipa mwingine hakuondoi kujitawala, maadamu sheria za nyumbani ni zako. Baadaye sana, mwaka 1785, Immanuel Kant alilihamisha wazo hilo kutoka mjini hadi ndani ya mtu mmoja mmoja: aliye huru hutii sheria ambayo akili yake mwenyewe imeiweka.

Oman ina mfano ulio wazi kuliko vitabu. Falaji ni mfereji unaoteremsha maji bila pampu, kutoka chini ya ardhi au kwenye chemchemi hadi mashambani. Maji hugawanywa kwa zamu. Zamu moja, iitwayo athar, ni kama nusu saa. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli, na usiku kwa nyota. Wakili wa falaji husimamia, na baadhi ya zamu hupigwa mnada ili fedha zitengeneze mfereji. Wanakijiji hawaamuru mvua inyeshe. Ugawaji, hata hivyo, uko mikononi mwao.

Mjini Muscat, mtambo wa Ghubra ulianza mwaka 1976 kuchemsha maji ya bahari na kuupooza mvuke wake uwe maji matamu. Mkaazi wa Ghubra akapata maji hata mwaka wa ukame, lakini zamu na bei hupangwa mbali na mlango wake. Mtambo haustahili lawama, kwa kuwa falaji haiwezi kunywesha jiji. Ila utoshelevu na kujitawala ni vitu viwili, na kila kimoja kina kipimo chake.

Msomaji aanze kupima karibu: katika chama cha kuweka na kukopa, au kamati ya msikiti. Aulize nani ameandika kanuni, na nani ana haki ya kuzibadilisha.