"Mmeelewa?" si swali la kupima uelewa



Wengi wetu tumesoma kwa mtindo ule ule: mwalimu anamaliza ubao, anageuka, "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Kesho yake zoezi, nusu wamechemsha. Ile ndiyo ilikuwa heshima pamoja na hofu ya kuchekwa. Na huku ughaibuni tumekuja nayo. Kwenye semina tunatikisa kichwa, tunatoka kapa, halafu matokeo yanakuja kutuumbua wakati ada imeshalipwa.

Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walipitia tafiti nyingi juu ya upimaji unaofanyika somo likiendelea, sio ule wa mwisho wa muhula. Waliona kwamba mwalimu akitumia majibu ya wanafunzi kurekebisha ufundishaji wake, wanafunzi wanapanda, na mara nyingi walio nyuma ndio wanaofaidika zaidi.

Kwa mnaofundisha semina, au watoto wetu Jumamosi, jaribuni haya:

1. Uliza swali linalodai kazi: "Tukibadili namba hii, jibu litakuwaje? Kwa nini?"

2. Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe aliona walimu husubiri kama sekunde 1 tu. Wakifika 3, majibu huwa marefu na wanaojibu huongezeka.

3. Dakika 2 za mwisho, kila mtu aandike kwenye kikaratasi, bila jina, jambo ambalo bado linamtatiza. Hapo utajua kesho uanzie wapi.

Na sisi tunaosahihishiwa je? Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wake kwa wanafunzi wa Israel. Waliopewa maoni matupu waliendelea vizuri. Waliopewa alama, hata zikiwa pamoja na maoni, hawakupanda. Si unajua, jicho hukimbilia alama, maoni yanabaki pambo.

Kwa hiyo insha ikirudi, anza na maoni. Andika jambo moja utakalolibadilisha kwenye insha ijayo. Kisha nenda ofisini kwa mhadhiri, umwombe akuonyeshe aya moja ambapo hoja yako imelegea. Huko sio kukosa adabu, bwana. Saa zile za ofisi zimewekwa kwa ajili yako. Wahenga walishasema, kuuliza si ujinga.

Haya, kazi kwenu.