Mwezi wa Ziwani: Mbalamwezi, Umbali na Kupatwa Mwaka 2026
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Bukoba na Muleba

Giza la dagaa

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani. Mvuvi wa Goziba, Bumbire au Ikuza huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za sola na betri, akasubiri dagaa wajikusanye kwenye mwanga, ndipo wavu unaposhushwa. Mwezi ukipevuka, mwanga huenea ziwa zima na taa ya mvuvi hukosa nguvu ya kuwaita samaki. Kambi nyingi hutumia siku hizo kushona nyavu, kutengeneza mitumbwi na kwenda kuziona familia. Kwa hiyo mvuvi wa Muleba anazijua sura za mwezi kuliko watu wengi wa mjini, na kijitabu hiki hakikusudii kumfundisha kazi yake. Kinampa hesabu iliyo nyuma ya anachokiona, ili aweze kupanga miezi kadhaa mbele.

Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Nusu yake inayolielekea jua huwa imeangazwa wakati wote. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo tunayoiona sisi, kadiri mwezi unavyoizunguka dunia. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Katika muda huo mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na dakika hizo 50 ndizo zenye faida kwa mwenye mtumbwi.

Siku ya mwezi mpevu, mwezi hutoka ziwani jua linapozama. Ukisimama ufukweni Bukoba mjini unauona ukipanda upande wa Kisiwa cha Musira, na utang'aa usiku kucha. Siku tano baadaye hautachomoza hadi karibu saa 5 usiku, maana yake mvuvi ana saa nne za giza tangu jua kuzama. Kabla ya mpevu mambo hugeuka. Siku tano kabla, mwezi unakuwa tayari juu wakati wa magharibi, lakini huzama mnamo saa 8:40 usiku, na giza la kazi linakuwa la kuelekea alfajiri. Wiki mbili baada ya mpevu mwezi hauonekani kabisa, na usiku wote ni wa dagaa. Hesabu hii ni ya wastani: inaweza kupungua au kuzidi kwa dakika kadhaa.

Mwaka 2026 mwezi utapevuka mara 13, si 12. Tarehe kwa saa za Tanzania ni 3 Januari, 2 Februari, 3 Machi, 2 Aprili, 1 Mei, 31 Mei, 30 Juni, 29 Julai, 28 Agosti, 26 Septemba, 26 Oktoba, 24 Novemba na 24 Desemba. Mei imepata mbili kwa sababu ina siku 31 na mwezi huhitaji 29 na nusu tu. Baadhi ya watu huipa mpevu ya pili jina la mwezi wa buluu. Rangi yake haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo asije mtu akakesha kuisubiri.

Jambo moja la kwetu. Bukoba iko nyuzi 1 na theluthi tu kusini mwa ikweta, na mwezi huku hupanda na kuzama karibu wima. Ndiyo maana hilali ya magharibi huonekana imelala chali kama mtumbwi, wakati kwenye picha nyingi za vitabu vya Ulaya imesimama kwa ubavu. Walimu wa sayansi wawaambie wanafunzi wachore wanachokiona wao juu ya ziwa.

Jambo la pili ni saa. Bukoba iko magharibi sana ya Dar es Salaam, na jua na mwezi hutufikia kama nusu saa baadaye, ingawa saa za ukutani ni zilezile. Jua la Bukoba huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni kulingana na majira. Kalenda iliyopigwa chapa kwa nyakati za Dar es Salaam isomwe kwa tahadhari hiyo.

Mwezi unaopanga ibada

Waislamu huanza mwezi wao kwa kuonekana kwa hilali, na Februari 2026 ni mfano mzuri. Mwezi mpya unaanguka Jumanne tarehe 17, saa 9 alasiri. Jua litakapozama Bukoba siku hiyo, mwezi utakuwa na umri wa saa nne tu na utakuwa karibu mno na jua. Hautaonekana kwa macho, hata kama anga ni safi na mtazamaji ana subira kiasi gani. Jioni ya tarehe 18 utakuwa umevuka siku nzima, na hilali itaonekana kwa urahisi pasipo na mawingu. Hesabu ya anga inaweza kusema lini mwandamo unawezekana kuonekana. Kuutangaza ni kazi ya viongozi wa dini, na kijitabu hiki hakiingii humo.

Wakristo nao hufuata mwezi, ingawa wengi hawafikirii hivyo. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Mwaka huu mpevu huo ni tarehe 2 Aprili, Alhamisi, na Pasaka ni tarehe 5. Ndiyo sababu Pasaka huhamahama na Krismasi haihami.

Karibu na mbali

Umbali wa wastani kati ya dunia na mwezi ni kilomita 384,400. Ni wastani tu. Njia ya mwezi si duara kamili bali ni duaradufu, na kila baada ya siku 27 na nusu hivi mwezi hufika mahali ulipo karibu nasi zaidi, kisha ukaenda mbali tena. Mvutano wa jua huivuta njia hiyo zaidi, hivyo hata ukaribu wenyewe haufanani: mara nyingine ni kilomita 370,000, mara nyingine chini ya 357,000. Upande wa mbali unaweza kupita kilomita 406,000.

Zingatieni kwamba siku 27 na nusu za umbali si sawa na siku 29 na nusu za mpevu. Hesabu mbili hizi zinakwenda pamoja lakini hazilingani, na hukutana tena baada ya miezi 13 na nusu hivi. Mpevu ya karibu kuliko zote mwaka 2025 ilikuwa tarehe 5 Novemba. Ya mwaka 2026 itakuwa tarehe 24 Desemba, saa 10:28 alfajiri. Kila mwaka tukio hilo linasogea mbele kwa mwezi mmoja na nusu. Safari hii limeangukia mkesha wa Krismasi, wakati mabasi ya Bukoba yamejaa watu wanaorudi nyumbani kula sikukuu, na watakaokuwa njiani au migombani usiku huo watakuwa na mwanga wa kutosha.

Mpevu ya mbali kuliko zote mwaka huu ni ile ya tarehe 31 Mei. Ukiweka picha ya Mei 31 kando ya picha ya Desemba 24, zimepigwa kwa kamera ileile, utaona tofauti: ya Desemba ina upana unaozidi kwa asilimia 14 hivi. Kwa macho matupu, bila kitu cha kulinganishia, karibu hakuna anayeitambua. Kila mwaka redio na simu zetu hujaa habari za mwezi mkubwa wa ajabu. Ni habari ya kweli iliyotiwa chumvi. Mwezi wowote mpevu ukiwa chini, karibu na ukingo wa ziwa, huonekana mkubwa. Hilo ni kosa la akili zetu na halihusiani na umbali. Upime kwa kidole cha mkono ulionyooshwa unapochomoza, kisha upime tena usiku wa manane.

Mpevu ya tarehe 14 Novemba 2016 ilikuwa karibu kuliko zote tangu 1948, kilomita 356,500 hivi. Itakayoipita ni ya tarehe 25 Novemba 2034.

Je, mwezi huinua maji ya ziwa?

Wanaotoka Tanga au Unguja wanajua bamvua na maji mafu, kujaa na kupwa kwa bahari kunakofuata mwezi, na hufikiri ziwa nalo linafuata. Halifuati. Ziwa Victoria ni kubwa, lakini ni dogo mno kando ya bahari, na maji yake huinuliwa na mwezi kwa kiasi kisichoonekana ufukweni. Ziwa lilipopanda na kumeza fukwe mwaka 2020, sababu ilikuwa mvua nyingi za 2019 na 2020. Mwezi pia hauleti dhoruba. Kabla ya kuvuka kwenda visiwani sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hata kama mbalamwezi ni nzuri kiasi gani.

Kupatwa

Mwezi hupatwa unapoingia katika kivuli cha dunia, na hilo hutokea siku ya mpevu tu. Jua hupatwa mwezi unapopita mbele yake, na hilo hutokea siku ya mwezi mpya tu. Swali la haki ni kwa nini basi hatuoni kupatwa kila mwezi. Jibu ni kwamba njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi. Mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Kuna majira mawili tu kwa mwaka ambapo jua, dunia na mwezi vinaweza kunyooka katika mstari mmoja, na majira hayo hurudi nyuma kama siku 19 kila mwaka. Mwaka 2025 yalikuwa Machi na Septemba. Mwaka 2026 ni Februari hadi Machi, kisha Agosti.

Wengi watakumbuka tarehe 7 Septemba 2025. Mwezi ulianza kuliwa saa 1:27 usiku, ukawa mwekundu wote kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52. Wekundu huo ni mwanga wa jua uliopenya hewa ya dunia pembeni na kupinda kuingia kivulini, uleule wa magharibi na mapambazuko. Hauna madhara kwa mja mzito, kwa chakula wala kwa mifugo.

Tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulikaa wote kivulini kwa dakika 103, kipindi kirefu kuliko vyote vya karne hii. Umbali ulikuwa sababu mojawapo. Siku hiyo mwezi ulikuwa mwisho wa upande wake wa mbali, mahali unapokwenda polepole zaidi, ukachelewa kuvuka kivuli.

Umbali uleule huamua na sura ya jua likipatwa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, Mbeya, kuona kupatwa kwa jua kipete. Mwezi ulikuwa mbali, ukawa mdogo kuliko jua, ukashindwa kulifunika, pakabaki pete ya moto kwa takribani dakika 3. Bukoba tuliona kipande tu. Majirani zetu wa Ankole wana simulizi ya zamani zaidi: jeshi la Bunyoro lililokuwa likirudi na ng'ombe wa mateka lilipigwa na giza mchana huko Biharwe, karibu na Mbarara, likakimbia na kuacha ng'ombe wote. Wanahistoria wengi wamelihusisha giza hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520.

Mwaka 2026 kuna kupatwa mara nne, na tatu hazituhusu. Jua la tarehe 17 Februari litakuwa la kipete huko Antaktika. Mwezi wa tarehe 3 Machi utapatwa kwetu kukiwa mchana. Jua la tarehe 12 Agosti litapatwa kamili Greenland, Iceland na Hispania. Ya nne ndiyo yetu: Ijumaa tarehe 28 Agosti, alfajiri. Mwezi utaanza kuingia kivulini saa 11:34, ukiwa umeinamia vilima vya magharibi. Utaendelea kuliwa hadi utakapozama karibu saa 12:50 asubuhi, sehemu yake kubwa ikiwa gizani, wakati jua linatoka ziwani nyuma yako. Hapa Bukoba inawapita watu wa Dar es Salaam, ambao mwezi wao utazama nusu saa mapema. Tafuteni mahali pasipo na kilima kirefu upande wa magharibi. Agosti si mwezi wa mvua nyingi kwetu, kwa hiyo tumaini lipo. Kwa kupatwa kwa mwezi hakuna haja ya miwani.

Kwa jua ni jambo jingine. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 mchana, mwezi ukiwa karibu na dunia, jua litapatwa kamili kwa zaidi ya dakika 6 Luxor, Misri. Kagera tutaona kipande kidogo tu kikimegwa, na hicho kidogo ndicho chenye hatari, kwa kuwa jua litabaki kali na watu watalikazia macho. Vioo vilivyofukizwa moshi, picha za eksirei, miwani ya kawaida ya jua na beseni la maji havilindi macho. Njia salama isiyo na gharama ni tundu la msumari kwenye bati: geuzia jua mgongo na tazama doa la mwanga linaloanguka sakafuni, nalo litaonyesha pale jua lilipomegwa. Anayetaka kutazama moja kwa moja awe na miwani maalumu ya kutazamia jua, isiyo na mkwaruzo wala tundu. Walimu wakuu na kamati za shule za Bukoba na Muleba, agizeni miwani hiyo mapema, kabla wiki ya mwisho haijafika na kila mtu akaanza kuitafuta.