Mchungaji Akichoka, Nani Anamchunga?

Maswali haya huulizwa na wachungaji, wake zao na wazee wa kanisa. Anayejibu ni mshauri wa watumishi.

Nitajuaje kama ni uchovu wa kawaida tu?

Uchovu wa kawaida huisha ukilala. Huu mwingine, uchovu wa kazi uliopitiliza, unaamka nao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu, na halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Kwa watumishi, ya pili ndiyo inayonitisha. Unaongoza ibada ya mazishi na hakuna kinachokugusa. Simu ya muumini ikiita, unaichukia kabla hujaipokea. Biblia unaifungua kutafuta mahubiri ya Jumapili, basi.

Si dalili ya imani haba?

Hapana. Msome Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka kwenye ushindi wa Karmeli, na muda si muda yuko jangwani chini ya mti anaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu. Tunaokimbilia kumwombea mchungaji aliyechoka tuulize kwanza kama amekula na kulala.

Nikimtuma mwinjilisti kwenye msiba, wafiwa wanasema nimewadharau.

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katika Kutoka 18, Musa alikuwa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni. Yethro, mkwewe, alimwonya kwamba atachoka yeye pamoja na watu wenyewe. Jambo hilo la pili tunalisahau: usharika unaomsubiri mtu mmoja kwa kila kitu nao unadhoofika.

Kwa hiyo gawa kazi, ila usiigawe kimyakimya. Baraza la wazee liamue, kisha mzee, wala si wewe, asome kwenye matangazo kwamba mtaa fulani una mwinjilisti wake na misiba yote ya huko ni yake. Mkabidhi kazi nzima, pamoja na mahubiri. Ukitokea katikati ya ibada "kusalimia tu", umemnyang'anya heshima, na safari ijayo watakusubiri wewe. Nenda kuwaona wafiwa siku nyingine, watu wakishatawanyika. Ziara hiyo mara nyingi ndiyo wanayoikumbuka.

Jumatatu ni siku yangu ya kupumzika, lakini kifo hakichagui siku.

Kweli. Hata Yesu, katika Marko 6, aliwapeleka wanafunzi mahali pa faragha wakakuta umati umeshatangulia. Kwa hiyo Jumatatu ikichukuliwa, ilipwe wiki hiyohiyo, na baraza liandike hivyo kwenye muhtasari wa kikao. Likizo ya mwaka nayo uichukulie mbali na nyumba ya usharika. Ukibaki pale, hodi hazitakoma.

Mume wangu ni mchungaji. Mzigo wake wote ananimwagia mimi.

Pole sana, mama. Wewe nawe unachoka, na hakuna anayekuuliza. Atafute mchungaji mwenzake, ikiwezekana wa dhehebu jingine, asiye na kura wala neno katika uhamisho wake. Akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akianza kunywa, au akisema afadhali afe, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Maombi yaendelee akiwa anatibiwa.

Sisi wazee tuanzie wapi?

Kikao kijacho, kabla ya ajenda ya ujenzi, mwombeni mchungaji awasomee ratiba yake ya mwezi uliopita, pamoja na jioni zake. Kisha kila mzee ataje kazi moja ambayo ataichukua kuanzia wiki hiyo.